Senti Isiyo na Tundu

Kazi yangu ni kusoma mita za maji. Nazunguka mitaa ya Same na fimbo ya kufunulia vifuniko na simu ya ofisi, nikiinama nyumba hadi nyumba. Ipo miezi ambayo mita nyingi hazisogei kwa sababu maji hayakutoka, na mwenye nyumba husimama juu ya kichwa changu akiniuliza nimekuja kusoma nini. Nimezoea kutazama tarakimu ndogo chini ya kioo chenye vumbi na kuandika kilichopo, hata kama mwenye nyumba angependa kingine. Nadhani ndiyo maana sarafu zilinikamata kirahisi.

Sikusomea sarafu popote. Shule niliishia darasa la saba. Nilianza siku niliponunua sokoni kopo la misumari iliyotumika na chini yake nikakuta senti chache za zamani zimeota kijani. Nikataka kujua ni za nini. Nikasoma kwenye simu, na kwa kuwa kurasa nyingi zilikuwa za Kiingereza, nikaweka kamusi pembeni na kwenda nayo neno kwa neno. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa na lenzi ya fundi saa, mizani ndogo ya sonara, na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho hufanana. Sarafu inaweza kutoka kiwandani na hitilafu: chapa imepigwa mara mbili, au kipande kimeteleza picha ikakaa pembeni, au muhuri wa chuma ulikuwa na ufa na ufa ukajichora kwenye kila sarafu iliyofuata. Hizo wakusanyaji wanazitafuta. Na sarafu inaweza kutoka kiwandani nzima kabisa, kisha huku duniani ikagongwa, ikakatwa, ikaungua, ikasuguliwa na mchanga. Hiyo hakuna anayeitaka. Kwa matumizi yangu mwenyewe, ya kwanza niliita kosa, ya pili jeraha. Kila sarafu iliyoletwa mbele yangu nilijiuliza swali hilo moja.

Sarafu nazo zina uvumi wake, kama kila kitu siku hizi. Mara kwa mara hupita ujumbe kwenye simu kwamba senti fulani inanunuliwa kwa mamilioni, na wiki ile watu wananisubiri kwenye mita zao na sarafu mkononi. Karibu zote ni jeraha. Nawaambia, wananuna kidogo, halafu wananiuliza habari za maji.

Baba mkwe wangu alifariki akiwa mzee sana. Alikuwa mtu wa Ugweno aliyeshuka Same akiwa kijana na hakurudi tena kuishi milimani. Baada ya kuanua tanga, nguo zake zilipogawiwa, koti lake lilimwangukia mwanawe wa kiume, mdogo wake mke wangu. Ni mlinzi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mchangamfu, mwenye maneno. Jumapili moja baada ya ibada akaja kwangu na kitu alichokikuta mfukoni mwa koti, amekifunga kwenye karatasi ya dawa.

“Mtaalamu,” alisema akikaa, “nimekuletea kazi. Lakini kanawe kwanza. Hii haishikwi na mikono ya mita.”

Nilinawa. Alikuwa anatania, lakini nilinawa.

Ilikuwa senti kumi ya shaba ya enzi za Mwingereza, zile kubwa zenye pembe za ndovu zimejikunja pande mbili za tundu. Ila hii haikuwa na tundu. Pembe zilijikunja kama kawaida, na katikati, pale ambapo ungepitisha uzi, palikuwa na shaba tupu, laini, yenye rangi ileile ya kahawia iliyokolea.

Nilikuwa nimesoma habari za sarafu kama hizo. Kipande cha shaba hutobolewa kabla ya kupigwa chapa. Ikitokea kimoja kimepita bila kutobolewa, kikapigwa hivyohivyo, hilo ni kosa la kweli, na wapo watu wa nje wanaolipia vizuri. Sikuwahi kuishika hata moja. Nilipoinua macho nikaona shemeji anauangalia uso wangu, haangalii sarafu.

Niliipima. Ilizidi nyingine zenye tundu kwa zaidi kidogo ya theluthi ya gramu, na hicho ndicho kiasi ambacho shaba ya tundu ingekuwa nacho. Sumaku haikuivuta. Nikaipeleka dirishani, nikailaza ili mwanga uje kwa pembeni, nikaweka lenzi jichoni. Upande wa pembe sikuona kitu. Upande wa pili niliona mstari mwembamba sana, uliopinda, usiofika nusu duara, kisha unapotea.

Mstari ule ungeweza kuwa vitu viwili. Kama umeinuka, ni alama ya ufa wa muhuri, na ni kosa juu ya kosa. Kama umezama, ni mahali pa kiungo: mtu alichukua senti yenye tundu akaiziba. Uzito usingenisaidia, kwa sababu shaba ya kuzibia nayo ina uzito. Na kama umeinuka au umezama sikuweza kuona, maana uchafu wa miaka mingi ulikuwa umejaza kila kitu ukawa sawa. Ningeisafisha ningejua. Lakini sheria ya kwanza ya wakusanyaji ni kwamba sarafu haisafishwi; ukiisugua, hata ikiwa ya kweli, umeshaiharibu. Dawa pekee ya kujua ilikuwa ndiyo sumu.

“Basi?” aliuliza shemeji.

“Bado,” nilisema.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Mimi nilimaanisha sijafika kwenye jibu. Yeye alisikia jibu liko njiani linakuja. Mtu akiulizwa kama mgeni ameshafika akasema bado, anayesikiliza hajiulizi kama mgeni yupo. Shemeji aliifunga senti yake kwenye karatasi, akanywa chai bila kutania tena, akaondoka mapema.

Sikumuita arudi. Nilijiambia nitaiomba tena nikipata lenzi kali zaidi.

Kabla sijaipata, mke wangu akaniletea habari kutoka kwa mama yake. Shemeji alikuwa ameipiga picha ile senti akaiweka kwenye kundi la wanunuzi kwenye simu. Mtu mmoja wa Dar es Salaam, aliyejiita wakala, alimpigia siku hiyohiyo. Bei aliyoitaja sitaiandika, kwa sababu haikuwa bei. Ilikuwa namba ya kumtoa mtu akili. Ila kabla ya kukutana, sarafu ilihitaji cheti cha uhakiki, na cheti kina ada, na ada inatangulia. Shemeji hakuwa na ada. Mama yake alikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe huyo ni mmoja tu, wa maziwa, mwenye baka jeupe usoni, na wakati ule alikuwa na mimba. Anafugwa ndani ya uzio nyuma ya nyumba ya mama mkwe, nje kidogo ya mji, mahali ambapo majani ni ya kununua kuanzia kiangazi kinapoanza. Maziwa yake ndiyo yanayomnunulia mama mkwe dawa za presha na unga. Kama ng'ombe angepelekwa mnadani, mama mkwe angebaki na watoto wa kuwaomba, na hicho ndicho kitu alichokuwa akikiogopa kuliko presha.

“Na mama anasemaje?” nilimuuliza mke wangu.

“Anasema mwanawe akiamua, yeye atasema nini. Na mwanawe anasema hata wewe umeshindwa kuikana.”

Nikamweleza habari ya mstari, ya kuinuka na kuzama. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

“Mimi mambo ya mstari siyajui,” alisema. “Ukimwambia haina kitu, na baadaye ikawa nacho, nitamtazama vipi ndugu yangu? Na ukinyamaza ng'ombe akaenda, nitamtazama vipi mama?”

Nilimfuata shemeji ghalani. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, mnunuzi wa kweli hamtozi muuzaji kabla hajaiona mali. Pili, ile senti naitilia shaka, anipe niitazame tena. La kwanza alinijibu kwamba wakala amemtumia picha ya ofisi. La pili alilijibu akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni, rungu limelala mapajani.

“Shemeji, siku ile uliishika mpaka chai ikapoa,” alisema. “Ingekuwa haina kitu ungenirudishia palepale, kama unavyowarudishia wengine kwenye mita zao. Sasa nimepata mnunuzi ndiyo unaitilia shaka.”

“Unadhani naitaka mimi?”

“Sijasema hivyo.” Akatazama barabarani. “Lakini una kopo zima la sarafu nyumbani, na watoto hawazili.”

Nilirudi kazini. Sikukasirika kadiri nilivyotarajia. Kilichonisumbua ni kwamba kwa mahali alipokaa yeye, hoja yake ilikuwa nzima. Mtu pekee hapa mjini anayeweza kusema senti ni jeraha ni yuleyule ambaye angefaidika kusema hivyo kama ni kosa. Na mimi mwenyewe, nikiwa nimeinama kwenye mita za watu, nilijikuta nikiwaza: vipi kama mstari umeinuka? Sijawahi kuishika ya kweli. Elimu yangu yote ni ya kwenye kioo cha simu. Ningeweza kuwa namzuilia mtu riziki yake kwa ajili ya nusu duara ambayo nimeiona kwa jicho moja.

Mke wangu ndiye aliyesema, akiwa mlangoni na ndoo, kwamba baba yake alikuwa nayo tangu kwao. Hakuiokota Same. Kama kuna mtu anajua ilikotoka ni shangazi.

Shangazi huyo ni dada wa baba mkwe, aliyebaki Shighatini. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda hadi Mwanga, na kutoka hapo nikapanda na gari, kisha bodaboda, hadi barabara ilipokuwa mbaya mno na kijana wa pikipiki akaniomba nishuke nitembee kipande. Huko juu kulikuwa na ukungu na migomba ilikuwa inadondosha maji. Kwa mtu anayetoka Same, kuona maji yakianguka bure hivyo kuna kitu kinachochoma.

Nilimkuta anaanua kahawa kidogo aliyoianika kwenye mkeka, mvua isije ikaikuta.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, mkwe. Umekuja kusoma mita? Huku tunakunywa mferejini, rudi.”

Nilimsaidia kuingiza mkeka. Akanipa ndizi na maharage na kuniuliza kama kweli sisi watu wa Pare ya Kusini tunakula makande hata Krismasi. Nikamwambia Krismasi tunaongeza chumvi. Alicheka, akasema jambo kwa Kigweno ambalo nililielewa nusu, na ile nusu ilitosha kuniaibisha. Kisha nikamweleza kilichonileta, kwa utaratibu, tangu koti hadi ng'ombe. Nilipofika kwenye senti isiyo na tundu aliweka sahani chini.

“Isiyo na tundu?”

“Ndiyo. Katikati ni shaba tupu.”

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la nyuzi. Chini ya nyuzi palikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa palikuwa na senti kumi ya shaba, pembe zimejikunja, katikati hakuna tundu.

Nikatoa lenzi. Mwaka uliochapwa ulikuwa tofauti kabisa na ule wa senti ya shemeji, na hiyo peke yake ilikuwa nzito, kwa sababu kosa moja la kiwandani halitembei kutoka mwaka hadi mwaka kuifuata familia moja. Lakini sikuhitaji hata hoja hiyo. Senti hii haikuwa imekaa mfukoni maisha yote. Mduara ulionekana mzima, pande zote mbili, mwembamba, umezama.

“Nani aliiziba?” niliuliza.

“Baba, nani mwingine.”

Ukoo wao ni wa wahunzi. Hilo nililijua, ila nilidhani kazi yao ilikuwa majembe na mapanga. Shangazi alisimulia akiwa anachagua mbegu mbovu kwenye kahawa. Baba yake hakuwa na imani na pesa yenye tundu. Alisema Mwingereza anajua anachokifanya, anawapa watu pesa inayovuja. Basi kila mtoto wake alipoondoka nyumbani, wa kiume kwenda kazini au wa kike kuolewa, mzee alichukua senti moja, akakata kipande cha waya wa shaba, ule mnene uliokuwa ukidondoka kwenye nguzo za simu kando ya reli, akakitia kwenye tundu, akakigonga juu ya fuawe mpaka kikatanuka na kushika pande zote mbili, kisha akakipiga tupa. Alimpa mtoto mkononi, bila hotuba. Watoto walicheka wakishafika mbali.

“Mimi ya kwangu aliigonga nikiwa nimeshavaa,” alisema. “Watu wamenisubiri nje, yeye yuko kwenye mivukuto. Mama akamfokea.”

Niliuliza kama ningeweza kuipiga picha. Akaruhusu. Nikampigia shemeji, nikaweka sauti kubwa ili shangazi naye asikie, nikamweleza yote.

“Kumbe ziko mbili,” alisema.

“Shemeji, umenisikia? Ni waya.”

“Nimekusikia. Ngoja.”

Alikata. Tulikaa pale tukisikiliza maji ya migomba. Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. Alikuwa ameongea na wakala. Wakala amesema zikiwa mbili ni jozi, na jozi ni adimu zaidi. Ada itaongezeka kidogo, lakini ng'ombe anatosha. Shangazi asiiuze kwa mtu mwingine yeyote. Mnada ni kesho kutwa.

Shangazi aliichukua simu mkononi mwangu, akaitazama kama kitu kilichooza, akanirudishia ikiwa imezimwa. Aliendelea na kahawa yake. Nilifikiri amekasirika na kwamba safari yangu ilikuwa imemuuzia ng'ombe mama mkwe badala ya kumwokoa. Nilianza kumweleza kwamba kwa maneno peke yake shemeji hataelewa, kwamba angepaswa kuona kizibo kikitoka kwa macho yake, na kwamba yake hatanipa.

“Chukua hii,” alisema. Aliiweka senti kwenye kiganja changu na kunifunga vidole. “Itoboe mbele yake. Mama yake ni mgonjwa. Ng'ombe asiende.”

Nilimwambia ikitoka haitarudi kama ilivyokuwa. Hakuna mhunzi tena.

“Najua hakuna mhunzi,” alisema.

Nilifika kwa mama mkwe siku iliyofuata, alasiri, moja kwa moja kutoka stendi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Shemeji alikuwa uani akimsugua ng'ombe matope ubavuni kwa gunzi na maji, na maji yenyewe alikuwa ameyanunua. Ng'ombe anasafishwa hivyo akiwa anaenda kuonyeshwa.

Sikutaka kuanza na maneno. Nilimsalimu mama mkwe, nikaomba nyundo, nikatafuta jiwe la bapa nikaliweka uani. Juu ya jiwe nikaweka nati kubwa, juu ya nati senti ya shangazi, kizibo kikiwa sawasawa na tundu la nati. Nilikuwa nimebeba msumari ambao ncha yake nimeikata ikawa butu. Niliyaona yote kwa lenzi, mduara mzima, umezama, pande zote mbili, na bado nilipousimamisha msumari niliwaza kwamba labda sijui ninachokijua.

“Unafanya nini?” alisema shemeji. “Hiyo ni ya shangazi. Shemeji, acha.”

“Kanipa mwenyewe. Njoo uone.”

Alikuja na gunzi lake mkononi. Niligonga. Hakuna kilichotokea ila mlio, na ng'ombe akarusha kichwa. Niligonga tena kwa nguvu zaidi, na shaba ya pembeni ikapinda kidogo, na shemeji akasema kwa sauti ya chini, “Unaona. Ni chuma kimoja.” Mama mkwe alisimama. Niligonga tena, na msumari ukazama ghafla.

Niliinua senti. Tuliona jiwe kupitia katikati yake. Ndani ya nati palikuwa na kipande kidogo cha shaba, kifupi kuliko punje ya mahindi, kimetanuka juu na chini na katikati kimebana, kama mtu aliyefunga mkanda.

Shemeji alikiokota. Alikigeuza kwenye kidole kwa muda mrefu. Kisha akatoa karatasi yake ya dawa, akaifungua, akaiangalia senti ya baba yake, akaisugua katikati kwa dole gumba. Nilimnyooshea msumari. Nilitaka aigonge na yake ili jambo liishe.

“Hapana,” alisema. “Yangu aliiziba babu. Mimi ni nani niizibue.”

Simu yake iliita. Aliitazama namba, akairudisha mfukoni, ikaendelea kuita huko ndani mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Alichukua ndoo ya maji machafu akaenda kuimwaga upande wa pili wa uzio, na hakurudi mpaka nilipoondoka. Mama mkwe alimrudishia ng'ombe majani. Aliniambia asante mwanangu bila kuniangalia, maana aliyeshindwa pale uani alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Mnada ulipita. Ng'ombe hakwenda. Mke wangu alianza tena kula vizuri. Shemeji nikimpitia ghalani aliniamkia kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo, na hakuniita tena mtaalamu.

Nilipopata nafasi nilipanda Shighatini kumrudishia shangazi senti yake. Nilikuwa nimeifunga vizuri. Nilimwambia ng'ombe yupo, amebakiza muda mfupi azae. Alifurahi, akapiga vigelegele vidogo vya kizee. Aliifungua senti, akatazama tundu, kisha akatazama ndani ya karatasi, akaikung'uta.

“Na kile kilichotoka?”

Sikumwelewa mara moja.

“Kile cha baba,” alisema. “Hii senti ni ya Mwingereza, zilikuwa zimejaa kila duka. Baba alitengeneza hicho kidogo tu.”

Nilikuwa nimeikagua senti ile kwa lenzi, pande zote mbili. Nilijua mwaka wake na mahali chapa ilipochakaa. Kizibo nilikiona kama kithibitisho cha hoja, na hoja ilipokwisha nikakiacha mkononi mwa mtu mwenye hasira. Nilimwambia kiko kwa shemeji, nitakileta. Alisema haya.

Shemeji nilimkuta kwenye kiti chake mlangoni. Nilimuuliza. Aliinamisha kichwa, akasema alikitupa, siku ileile, alipokwenda kumwaga maji. Hakujua kama kuna mtu angekitaka. Aliniuliza, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake, “Shangazi kasema anakitaka?”

Tulikwenda pamoja jioni hiyo kabla jua halijazama. Upande wa pili wa uzio ni vumbi jekundu, kokoto, mbolea iliyokauka na vichaka vya miiba. Shemeji alinionyesha aliposimama na jinsi alivyorusha mkono, akarudia kurusha kwa kokoto ili tuone zinaangukia wapi. Nikagawa eneo kwa kamba, tukaanza kulipita kipande kwa kipande, tumepiga magoti. Nilikuwa na lenzi, ambayo haikufaa kitu. Nilikuwa pia na ile sumaku ya spika, nimeibeba kwa mazoea, na ikaokota vipande vya waya wa uzio, misumari na kizibo cha soda. Shaba haiokotwi na sumaku. Ng'ombe alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mti wa uzio akitutazama.

Tumekwenda jioni nyingi tangu hapo, mara wawili, mara mmoja wetu. Mvua ikinyesha itakisukuma korongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya maji nimekuwa nikiomba isinyeshe Same.

Jana shangazi alipiga simu. Alisalimia, akauliza ng'ombe, nikamwambia amezaa, jike, ana baka kama la mama yake. Alicheka. Kisha akauliza kama nimekipata kile cha baba yake.

“Bado,” nilisema.

“Haya, mkwe wangu,” alisema, na kwa sauti yake nilijua alivyolisikia. “Basi nakusubiri.”